Ua Bubu

Mtungaji wa manukato akikutajia ua bubu, hasemi habari za ua lisilonukia. Anasema habari za ua linalonukia sana, pengine kupita yote bustanini, ila ukilitia katika mtambo wa kukeneka au ukiliroweka katika kiyeyushi, hupati kitu kinachofanana na ile harufu yake. Istilahi hii ni ya Wafaransa, ambao huliita fleur muette. Kundi hilo limebeba maua mengi ambayo kwa watu wa Ulaya ni dalili kwamba baridi imekwisha na majira ya machipuko yameingia: muge, lilaki, urujuani, maua ya njegere za mapambo, na kwa kiasi fulani hiasinti. Kwa hiyo chupa inayouzwa kama manukato mepesi ya maua ya machipuko, iwe Paris au Dar es Salaam, kwa kawaida haina hata tone moja lililotoka katika maua yaliyochorwa kwenye kisanduku chake. Mnunuzi anastahili kulijua hilo, na ili alijue kwa Kiswahili anahitaji jina la jambo lenyewe.

Tuanze na maua yanayosema. Langilangi ni mfano tunaoujua vizuri ukanda huu. Visiwani Komoro, ambako zao hili ni miongoni mwa nguzo za biashara ya nje, maua huchumwa alfajiri, yakiwa yamegeuka manjano na yana wekundu kidogo kwenye kitovu, kisha hupelekwa mtamboni siku hiyohiyo. Mvuke hupitishwa katikati ya maua, hubeba mafuta, hupozwa, na mafuta huelea juu ya maji. Kazi huendelea kwa saa nyingi, mara nyingine zaidi ya 18, na mafuta ya mwanzo hutengwa na yale ya baadaye kwa sababu hayanukii sawa. Yale ya kwanza kabisa ndiyo ya bei ya juu. Waridi nalo hukubali mvuke, ingawa kwa ubahili: zinahitajika tani 3 hadi 5 za maua ili kupata kilo 1 ya mafuta. Asumini haiuvumilii moto, lakini ina sifa nyingine, kwamba huendelea kutoa harufu saa nyingi baada ya kuchumwa. Aliyewahi kulala chumba chenye kikuba cha asumini na rehani anaifahamu sifa hiyo. Mafundi wa mji wa Grasse, kusini mwa Ufaransa, waliitumia kwa kupanga asumini juu ya vioo vilivyopakwa mafuta ya wanyama yaliyosafishwa, wakiyabadilisha maua kila siku kwa wiki kadhaa mpaka mafuta yakashiba harufu. Baadaye vikaja viyeyushi kama heksani, vikawa vinafanya kazi hiyo kwa haraka na kwa gharama ndogo.

Muge hukataa njia zote hizo. Ni mmea mfupi wa vivuli vya misitu ya Ulaya, wenye majani mawili mapana yanayokumbatia bua moja jembamba lililopinda. Kwenye bua hilo vinaning'inia vikengele vyeupe, vyote vikiwa vimeelekea upande mmoja, na kila kimoja ni kidogo kuliko ukucha wa kidole cha mwisho, midomo yake ikiwa imekunjika kwa nje. Harufu yake ina ubichi wa majani yaliyolowa, ina kitu cha waridi na kitu cha ndimu, na ndani kabisa kuna uzito mdogo unaoizuia isigeuke kuwa harufu ya sabuni tu. Mmea mzima ni sumu ya moyo, hata maji ya chombo ulimowekwa. Pamoja na hayo, tarehe 1 Mei Wafaransa hupeana vishada vyake kama dua ya heri, na siku hiyo mtu yeyote anaruhusiwa kusimama pembeni mwa barabara kuuza muge aliouchuma mwenyewe porini.

Ububu huu una sababu. Muge hauna akiba kubwa ya mafuta ndani ya petali. Hutengeneza harufu kidogokidogo na kuiachia hewani papo hapo. Ukiupasha moto, zile molekuli laini huvunjika au hufunikwa na harufu ya majani yaliyochemka. Ukiuroweka katika kiyeyushi, kinachotoka ni nta na ukijani mwingi, na harufu kidogo isiyofanana na ya msituni. Yapo majaribio yaliyotoa chochote, lakini kiasi kilichopatikana hakikulipia hata uchumaji wa vikengele hivyo. Kwa maana hiyo ububu si sifa ya ua peke yake. Ni sifa ya ua mbele ya mtambo. Mbele ya pua ya mpita njia, au ya nyuki, ua hilohilo linajieleza kikamilifu.

Sasa tafsiri. Nimeyapima maneno matatu. La kwanza ni ua kimya. Linapendeza sikioni, ila kimya huvunjwa: mtu aliye kimya anaweza kuamua kusema, na fundi anayelisikia atadhani kwamba njia ikiboreshwa kidogo ua litafunguka. La pili ni ua lisilokamulika. Hilo linaeleza sawasawa kinachotokea, na katika kitabu cha kemia lingefaa, lakini ni sentensi iliyojifanya jina, tena kitenzi kukamua kinamfikisha msomaji kwenye machungwa na ng'ombe, wakati maua hayakamuliwi. La tatu ni ua bubu, na ndilo ninalolitetea.

Lina dosari mbili ambazo ni lazima zikabiliwe waziwazi. Nchini Tanzania hasa, bubu likifuata jina la mahali humaanisha kitu kinachoendeshwa bila kibali: bandari bubu ni gati la wapitisha magendo, na machimbo bubu ni yale yasiyo na leseni. Msomaji wa gazeti akikutana na ua bubu kwa mara ya kwanza anaweza kufikiria ua la magendo. Lakini lugha ileile ina filamu bubu, na hakuna anayedhani kuwa ni filamu iliyoingizwa kwa njia za panya, kwa kuwa muktadha humwongoza msomaji. Dosari ya pili ni nzito zaidi. Kumwita mtu bubu kunaumiza, na wengi wetu sasa tunasema mtu mwenye ulemavu wa kuongea. Hapo sarufi inatusaidia. Watu walioitwa hivyo waliitwa mabubu, kwa kiambishi cha wingi. Vitu havichukui kiambishi hicho, ndiyo maana tunasema bandari bubu hata zikiwa kumi. Basi istilahi na iwe ua bubu katika umoja na maua bubu katika wingi, na umbo la maua mabubu likataliwe na wahariri bila kusita.

Istilahi hiyo ikishakaa mahali pake, swali linalofuata linakuja lenyewe: ikiwa ua halisemi, ile sauti iliyomo chupani ni ya nani?

Kwa sehemu kubwa ni sauti ya nyasi. Mwaka 1893 wanakemia Ferdinand Tiemann na Paul Krüger walitangaza kuwa wametengeneza iononi, molekuli yenye harufu ya urujuani. Malighafi yake ni sitrali, na sitrali ndiyo inayoupa mchaichai harufu yake ya limau. Kwa miaka mingi viwanda viliipata kwa kukeneka mchaichai. Majani yaleyale tunayoyatia kwenye birika la chai yakawa chanzo cha harufu ya ua dogo la zambarau linalochanua theluji ikiyeyuka. Iononi ina tabia moja ya ajabu: huichosha pua upesi, kiasi kwamba unainusa, inapotea, kisha inarudi ghafla wakati umekwisha kuisahau. Ua halisi la urujuani hufanya vivyo hivyo, kwa sababu nalo lina iononi.

Muge ulikuja baada ya hapo. Mwanzoni mwa karne ya 20 ilipatikana hidroksisitronelali, inayotengenezwa kwa sitronelali, ambayo nayo hutolewa katika nyasi za sitronela, ndugu wa mchaichai. Ina ule ubichi wenye umajimaji ambao watungaji walikuwa wakiutafuta. Quelques Fleurs ya nyumba ya Houbigant, iliyotoka 1912, ni kati ya manukato ya mwanzo yaliyoitumia kwa ujasiri. Tangu hapo kila mtungaji aliyetaka muge alilazimika kuujenga mwenyewe: hidroksisitronelali kama mwili, linaloli kwa wepesi, kitu cha waridi, asumini kidogo, pengine langilangi, na chembe ya indoli, ile molekuli inayoipa asumini iliyoanza kunyauka utamu wenye uozo. Katika kiasi kikubwa indoli huchukiza. Katika kiasi kidogo sana hulifanya ua lionekane kuwa limeota ardhini.

Aliyelifikisha jambo hili kwenye kilele ni mtungaji Edmond Roudnitska. Alizaliwa Nice mwaka 1905, akaja kuishi na kufanya kazi Cabris, kijiji cha mlimani karibu na Grasse. Mbunifu wa mavazi Christian Dior aliupenda muge kuliko ua lolote. Aliuamini kuwa na bahati, mkusanyo wake wa mavazi wa machipuko ya 1954 aliujenga juu ya umbo lake, na inasimuliwa kwamba alikuwa akishonea kishada chake ndani ya pindo za nguo kabla ya maonyesho. Roudnitska, kwa upande wake, alikuwa amechoshwa na manukato ya zama zile yaliyozidi utamu. Alipanda muge katika bustani yake, akawa anainama kuunusa ukiwa hai, anarudi kwenye meza yake, kisha anainama tena. Diorissimo, manukato aliyoyatungia nyumba ya Dior, ilitoka 1956. Ninaihesabu kuwa hoja bora kuliko zote juu ya istilahi hii, kwa sababu hakuna muge ndani yake, na bado wanaoujua muge msituni wameukiri humo kwa karibu miaka 70.

Wapo wanaosema huo ni udanganyifu. Sikubaliani nao. Mchoraji wa sura hatii ngozi ya mtu katika turubai. Udanganyifu huanza pale muuzaji anapoandika kwamba chupa ina dondoo ya lilaki au kiini cha muge, kwa kuwa hapo anadai kuwa ua limesema wakati aliyesema ni mtungaji. Anachonyang'anywa mnunuzi ni ukweli, na anachonyang'anywa mtungaji ni kazi yake.

Ipo njia moja iliyokaribia kuliondoa neno bubu. Kuanzia miaka ya 1970, mwanakemia Mswisi Roman Kaiser, wa kampuni ya Givaudan, alikuwa akilifunika ua kwa kioo likiwa bado kwenye shina lake, anaivuta taratibu hewa inayolizunguka na kuipitisha katika kinasio, kisha mashine inazitenga molekuli na kuzitambua moja baada ya nyingine. Ua halichumwi wala halidhuriki. Kwa Kiswahili napendekeza unasaji wa hewa ya ua, jina linalosema kinachofanyika. Hata hivyo, kinachopatikana ni orodha ya viambato tu. Hakuna mafuta ya kujaza chupa, na orodha hiyo bado inamsubiri mtu wa kuipima na kuitunga upya. Ua limesomwa, lakini bado ni bubu.

Sauti za kuazima nazo zina madhara yake. Lilial, molekuli ya muge iliyotumika kwa miongo mingi katika manukato, sabuni na shampuu, haijawahi kuwamo katika muge wala ua lolote; ilizaliwa maabara. Tarehe 1 Machi 2022 Umoja wa Ulaya uliipiga marufuku katika vipodozi baada ya kuainishwa kuwa hatari kwa uzazi. Kabla yake ilikuwa imeondolewa Lyral, ya ukoo huohuo wa harufu, kwa kuwasababishia watu wengi mzio wa ngozi. Hidroksisitronelali yenyewe inaruhusiwa kwa kiwango chenye kikomo. Manukato mengi ya maua ya machipuko yakalazimika kutungwa upya, na anayehisi kwamba chupa yake ya leo hainukii kama ile ya mama yake huenda yuko sahihi kabisa.

Mipaka ya istilahi nayo ilindwe. Waridi, asumini, langilangi na ua la mchungwa si maua bubu, hata kama chupa fulani ya bei nafuu imeyaiga yote kwa kemikali. Kule aliyenyamazisha ua ni mtengenezaji, kwa sababu ya gharama. Wala neno hili lisitumike kwa ua lisilo na harufu. Hilo tayari lina jina lake, ua lisilonukia, na linatosha. Ua bubu hunukia. Ukikuta kisanduku kimechorwa vikengele vyeupe, kigeuze usome orodha ya viambato iliyoandikwa kwa herufi ndogo upande wa chini: ukiona hydroxycitronellal, linalool na citral, umewaona wale waliokaa mahali pa ua, na sitrali yaweza hata kuwa ilitoka katika shamba la mchaichai.