Mlango wa Wote na Fungu la Wenye Ulemavu

Anayefuatilia historia ya huduma kwa watu wenye ulemavu katika kata kama Shishiyu, wilayani Maswa, atakuta milango miwili. Wa kwanza ni mlango wa wote: shule ya msingi, zahanati, kisima na mkutano wa kijiji. Wa pili ni mlango wa msaada maalumu unaotoka Serikalini, makanisani au kwa wafadhili. Tangu mwanzo limekuwapo swali moja: je, aliyepokelewa katika mlango wa pili amepoteza haki yake katika ule wa kwanza?

Hapo kale mzigo huu uliachiwa ukoo. Baadaye misheni zikaingia. Kolandoto, karibu na Shinyanga, ambako kazi ya misheni ya Africa Inland ilianza mwaka 1913, wagonjwa wa ukoma walipata matunzo. Upande wa Walutheri, shule ya wasioona ya Irente, Lushoto, ilianzishwa mwaka 1963, mwaka uleule ambao makanisa saba yaliungana kuwa Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania. Kazi hizo zilistahili shukrani. Hata hivyo, ziliwataka wahudumiwa waache nyumba zao. Lushoto ni mbali sana na Usukumani, na mzazi aliyetaka mwanawe asome maandishi ya nukta nundu alipaswa kuagana naye kwa miezi mingi.

Mwaka 1982 Bunge lilipitisha sheria mbili, moja kuhusu ajira ya watu wenye ulemavu na nyingine kuhusu matunzo yao. Ikafuata Sera ya Taifa ya mwaka 2004. Mwaka 2009 Tanzania iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa haki za watu wenye ulemavu, na mwaka 2010 ikatungwa Sheria ya Watu Wenye Ulemavu. Hapo ndipo lugha ya nchi ilipobadilika: kilichoitwa matunzo kikaanza kuitwa haki, na shule na hospitali za wote zikatakiwa kuwapokea.

Mfano ulio karibu nasi ni shule ya msingi Buhangija, mjini Shinyanga. Hiyo ni shule ya umma yenye kituo cha wanafunzi wasioona, viziwi na wenye ualbino. Mauaji ya watu wenye ualbino yalipozuka Kanda ya Ziwa, hasa kuanzia mwaka 2007, watoto wengi walipelekwa huko kuokoa maisha yao. Mwalimu na darasa vilitoka katika mlango wa wote. Bweni, chakula na mavazi vilihitaji pia mikono ya wahisani. Milango miwili ilifanya kazi pamoja. Lakini mabweni yalifurika, na wapo watoto waliokaa miaka bila kurudi kwao. Ulinzi huo maalumu ulihitajika kwa sababu kijiji, ambacho ndicho mlango wa kwanza kabisa, kilishindwa kuwalinda.

Mwaka 2018 sheria iliagiza kila halmashauri itenge asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Fungu hili ni jema, ila tulitazame kwa makini. Ni mkopo, hivyo hurejeshwa. Tena, katika wilaya inayotegemea pamba, mapato ya ndani hupanda na kushuka pamoja na mavuno. Mwaka 2023 Serikali ilisimamisha mikopo hiyo kwa muda, ikairejesha mwaka 2024. Katika kipindi hicho, asiye na mlango mwingine alibaki nje.

Kwa hiyo, mtu mwenye ulemavu akiambiwa kwenye ofisi ya umma, “Ninyi mna fungu lenu,” amenyang'anywa kilicho chake. Bima ya CHF iliyoboreshwa ilipoanza mwaka 2018 kwa shilingi 30,000 kwa kaya ya watu hadi sita, mtoto mwenye ulemavu alihesabiwa miongoni mwa hao sita kama nduguze. Ada ya shule za umma ilipofutwa hadi kidato cha nne mwaka 2016, ilifutwa kwake pia. Msaada maalumu ununue kile ambacho mlango wa wote hauna: fimbo nyeupe, kiti cha magurudumu, au mafuta ya kukinga jua kwa mwenye ualbino. Ukitumika kulipia kilichokwisha kutolewa kwa wote, fimbo haitanunuliwa.

Wazee wa usharika na kamati za diakonia wana wajibu hapa. Kabla ya kufungua mfuko wa sadaka, waulize kwanza kama mhitaji ameandikishwa shuleni, kama jina lake limo katika bima ya kaya, na kama huitwa kwenye mkutano wa kijiji. Pale ambapo jibu ni hapana, waende naye hadi mlango huo ufunguke. Kisha sadaka ifanye kazi yake.