Kamba Kabla ya Jiwe

Fundi mwashi wa Ilomba, katika mji wa Mbeya, hachimbi msingi kabla hajapigilia vigingi na kuvuta kamba. Kamba ile ni nyumba isiyo na mawe. Kosa likionekana juu yake huondolewa kwa kung'oa kigingi. Kosa lililokwisha jengwa huondolewa kwa nyundo na hasara.

Wataalamu wa maabara ya CERN, karibu na Geneva, walihitaji kamba ya namna hiyo. Vyombo vyao vya kutambua chembe ndogo kuliko atomu ni vikubwa ajabu: kimoja, ATLAS, kina urefu wa mita 46 na uzito wa tani 7,000. Nani awezaye kukijenga, akakibomoa, akakijenga tena? Kwa hiyo mwaka 1974 ilizaliwa programu ya kompyuta iitwayo GEANT, iliyounda chombo kwa hesabu tupu. Chembe hupitishwa humo hatua kwa hatua, na katika kila hatua namba ya kubahatisha huamua kama itapita, itapungukiwa na nguvu, itazaa nyingine au itakoma. Mwaka 1993 CERN na maabara ya KEK ya Japani zilichunguza, kila moja peke yake, namna ya kuiandika upya. Mwaka uliofuata juhudi zikaunganishwa, na Desemba 1998 Geant4 ikatolewa. Chembe ya Higgs ilipotangazwa tarehe 4 Julai 2012, mfano huo ulikuwa umekwisha waonyesha wachunguzi alama za kutazamia.

Walakini mfano ni mtumishi, si hakimu. Iringa, katika Nyanda zile zile za Juu Kusini, yako mafundisho ya jambo hili. Mwaka 1963 mwanafunzi Erasto Mpemba aliona maziwa ya moto yakiganda kabla ya yaliyopoa, akachekwa. Baadaye, akisoma Mkwawa, alimwuliza Dakta Denis Osborne aliyetoka Dar es Salaam. Osborne hakumcheka, alifanya jaribio, na mwaka 1969 makala yao ikachapishwa. Wataalamu wangali wakibishana juu ya jambo lenyewe, lakini siku ile jicho lilipewa haki ya kuihoji hesabu.

Watunzaji wa Geant4 hufuata kanuni iyo hiyo. Matokeo ya programu hulinganishwa na chembe halisi zilizopitishwa katika vipande halisi vya chombo, na yasipoafikiana, hurekebishwa programu. Kamba ya Ilomba nayo ikikuta mwamba, fundi huisogeza kamba; mwamba haumtii.