Chinchila: Kutoka Milima ya Baridi Hadi Ndani ya Nyumba

Baadhi ya watoto wetu wakishamwona chinchila pichani huomba anunuliwe, kwani ni mnyama mdogo mwenye masikio makubwa na manyoya laini mno. Kabla mzazi hajajibu, tutazame kwanza historia yake, maana jibu limo humo humo.

Asili ya chinchila ni milima ya Andes, Amerika ya Kusini, penye mawe, ukavu na baridi kali. Katika kila kitundu cha ngozi yake huota nywele zaidi ya 50. Manyoya hayo yaliyomkinga ndiyo yaliyomponza. Kuanzia karne ya 19 ngozi zake zilisafirishwa kwa mamilioni kwenda Ulaya na Marekani, na koti moja tu lilihitaji ngozi zaidi ya 100. Mwaka 1910 Chile, Peru, Bolivia na Argentina zilikubaliana kuzuia uwindaji, lakini wanyama walikuwa wameshakwisha sehemu nyingi.

Ndipo Mathias Chapman, Mmarekani aliyekuwa mhandisi wa migodi huko Chile, alipokusanya chinchila 11. Aliwateremsha mlimani polepole ili wazoee hewa ya chini, na mwaka 1923 akawafikisha California. Nia yake ilikuwa biashara ya ngozi. Kufugwa majumbani kulikuja baadaye, na wengi wa chinchila wanaofugwa leo ni kizazi cha hao 11.

Basi tuzingatie: miaka 100 ya kuishi kizimbani haikubadili mwili wake. Joto likipita nyuzi 25 laweza kumuua. Haogeshwi kwa maji, bali hujigaragaza kwenye vumbi laini. Mchana hulala, na usiku ndipo huruka na kutafuna. Tena aweza kuishi miaka 15 na zaidi, hivyo mtoto wa miaka 8 aliyemtaka atakuwa mtu mzima, na kazi atakuwa ameachiwa mama.

Kwa hiyo, kwa sisi tunaoishi penye joto, chinchila hafai. Kumleta ni kumtesa. Kwa ndugu zetu walioko nchi za baridi, anafaa iwapo mtu mzima wa nyumba ameikubali amana hiyo kwa miaka yote. Mwana akilia, tumsimulie safari ya wale 11. Huenda akaelewa kuliko tunavyodhani.