Wagonjwa wa Hemofilia na Mjadala kuhusu Chanzo cha Kuporomoka kwa Kinga, 1982–1995

Tarehe 16 Julai 1982, mamlaka ya kudhibiti magonjwa ya Marekani ilitangaza kwamba wanaume watatu wenye hemofilia wamepatwa na nimonia ambayo kwa kawaida huwaandama watu waliopoteza kinga. Wawili walikuwa wamekwisha kufariki. Wote watatu walikuwa wakitumia faktori ya VIII, protini ya kugandisha damu iliyotengenezwa kwa kuchanganya plazma ya maelfu ya watoaji. Dawa hiyo ndiyo iliyowawezesha wagonjwa kujitibu nyumbani. Kuiacha kulimaanisha kurejea kwenye uvujaji wa damu viungoni na, kwa baadhi yao, ubongoni.

Kutambuliwa kwa kirusi katika Institut Pasteur mwaka 1983 hakukumaliza mjadala. Damu ya wagonjwa walioambukizwa ilionesha jambo la kutatanisha: kinga ilidhoofika, lakini papo hapo mwili ulizalisha kingamwili kwa wingi, zikiwemo zilizoshambulia limfosaiti na chembe sahani za mwenyewe. Mwaka 1986 John Ziegler, ambaye awali alikuwa mkurugenzi wa kwanza wa Taasisi ya Saratani ya Uganda, pamoja na Daniel Stites, walitoa dhana kwamba kirusi huanzisha tu mchakato, kisha kinga hujiangamiza yenyewe. Kwa mgonjwa wa hemofilia suala hili lilikuwa la kufa na kupona. Chembe sahani ndizo huziba jeraha kwanza. Zikiharibiwa, mtu ambaye tayari amepungukiwa na protini ya kugandisha hubaki bila ngao yoyote.

Dhana hiyo isichanganywe na ya Peter Duesberg, aliyekana kabisa kwamba kirusi ndicho chanzo. Yeye alidai kuwa protini ngeni zilizomo katika dawa ndizo zilizodhoofisha kinga. Dai lake halikukosa pa kushika, kwa kuwa hata baadhi ya wagonjwa wasioambukizwa walikuwa na mabadiliko madogo katika uwiano wa seli za kinga. Hata hivyo, mabadiliko ya maabara si ugonjwa, wala si kifo.

Jibu lilipatikana kwa kuhesabu vifo. Utafiti wa Sarah Darby na wenzake, uliochapishwa mwaka 1995, ulichunguza wanaume 6,278 wenye hemofilia nchini Uingereza, ambao 1,227 kati yao waliambukizwa kupitia matibabu. Miongoni mwa wenye hemofilia kali, vifo kabla ya 1985 vilikuwa 8 kwa kila watu 1,000 kwa mwaka. Baada ya hapo, wasioambukizwa walibaki kwenye 8 ileile. Walioambukizwa walifikia 81 katika miaka ya 1991 na 1992. Ugonjwa wao wa damu ulikuwa mmoja na tiba ilikuwa ya aina moja. Ni vigumu kufikiria ulinganisho ulio bayana zaidi, na ni uchungu kukumbuka jinsi ulivyopatikana.

Kuhusu kingamwili zenyewe, ushahidi wa kitabibu ulikuwa umeanza kuonekana mapema zaidi. Wagonjwa wenye VVU waliopungukiwa na chembe sahani walipopewa zidovudini, dawa inayozuia kirusi kuzaliana, idadi ya chembe hizo iliongezeka kwa wengi wao, ingawa dawa hiyo haikulengwa kuzuia kingamwili.