Herufi H iliyonyamaza, kisha ikarudi

Kijana wa Sokon I, Arusha, anayesomea kuongoza watalii hukutana na jambo hili mapema. Fisi ni "a hyena", hondohondo wa misitu ya Mlima Meru ni "a hornbill", lakini saa moja ni "an hour". Akiuliza sababu, mara nyingi huambiwa akariri. Ananyimwa historia ambayo ingemwondolea kazi ya kukariri.

Zamani Kiingereza kilikuwa na "an" tu, iliyotokana na neno lake la kuhesabia moja. Kuanzia karne ya 12 hivi, "n" ikaanza kudondoka mbele ya konsonanti. Mbele ya h ilikawia mno: Biblia ya Mfalme James ya 1611 bado ina "an hundred" na "an house".

Vurugu yenyewe ililetwa na Kifaransa. Wanormani, waliozungumza Kifaransa, walipoitwaa Uingereza mwaka 1066, waliingia na maneno ambayo h yake haikusikika. "Hour", "honest", "honour" na "heir" yamebaki hivyo hadi leo. Mengine, kama "hospital" na "humble", yalirudishiwa sauti taratibu, kwa kuwa watu waliiona h kitabuni wakaanza kuitamka. "Herb" imegawanya mataifa: Mwingereza husema "a herb", Mmarekani "an herb". Dereva wa watalii Arusha anaweza kuyasikia yote mawili ndani ya gari moja, na abiria wote wakawa sahihi.

Hata wakoloni waliotutawala walikuwa hawajamalizana na suala hili. Mwaka 1926, Tanganyika ikiwa chini ya Waingereza, H. W. Fowler alitoa mwongozo wake maarufu wa matumizi ya Kiingereza. Alisema watu waandike "a historical", si "an historical", kwa kuwa h sasa inatamkwa. "An hotel" imefifia. "An historic" ingali hai, kwa sababu mkazo umehama: katika "history" uko kwenye silabi ya kwanza na h inasikika vizuri, katika "historic" umesogea mbele na h imelegea. Sisi tuliozoea mkazo wa silabi ya pili kutoka mwisho hatuusikii uhamisho huo kirahisi.

Tena wengi wetu husema "apa" badala ya "hapa", "uyu" badala ya "huyu". Mwanafunzi wa namna hiyo akiandika "an hotel" amelitii sikio lake. Kumkata alama bila kumweleza ni kumwonea. Mwalimu aanze na h ya "hapa". Kisha darasa litamke kwa sauti hoteli, hospitali, historia: h inasikika katika Kiswahili, inasikika katika Kiingereza cha leo, na kwenye mtihani yote matatu yaandikiwe "a". Awatahadharishe juu ya "heshima": h yake inasikika katika Kiswahili, lakini "honour" yake ni "an".