Dari la Peugeot

Katika Volkswagen Beetle, gari langu la kwanza, dari liliwambwa. Kitambaa kilishonewa mikunjo, ndani yake zikapitishwa fito za waya, kisha kikavutwa na kugundishwa pembeni. Kiliweza kuchanika, lakini si kuanguka. Baadaye watengenezaji walipata njia ya haraka zaidi: ubao mwepesi uliofinyangwa kwa umbo la paa, juu yake kitambaa chenye sponji nyembamba mgongoni. Ndivyo lilivyokuwa dari la Peugeot 505, gari lililoanza kuuzwa mwaka 1979, ambalo nililinunua limekwisha kutumika nilipokuwa mkuu wa chuo cha ualimu.

Joto la miaka huigeuza sponji kuwa unga. Kitambaa chetu kililegea kulizunguka dirisha la paa, hata kikagusa kilemba cha marehemu mke wangu. Akakibana kwa pini zake. Alipofariki sikuthubutu kuzigusa, niliendesha nimeinama.

Mwaka huu mjukuu wangu alinisaidia. Mimi nilitaka tupenyeze gundi tu, pini zibaki. Kesho yake kitambaa kikaning'inia tena.

"Babu, gundi imeshika unga," akasema.

Basi tukazichomoa pini, tukalishusha dari lote pamoja na kifuniko cha dirisha, tukausugua ubao hadi ukawa mtupu, ndipo tukabandika kitambaa kipya.

Miaka yote niliwaonya walimu wanafunzi wasijenge somo jipya juu ya lisiloeleweka. Kumbe nami nilihitaji kuonywa.

Pini zilikuwa 17. Zimo mkebeni, ndani ya gari.