Mwaka wa Kazi Wizarani: Asili ya Staji yenye Mshahara kwa Wanafunzi wa Uchumi wa Uingereza

Katika vyuo vikuu kadhaa vya Uingereza, mwanafunzi wa uchumi aliyemaliza mwaka wa pili aweza kuliacha darasa kwa mwaka mzima, akaajiriwa wizarani kwa mshahara, kisha akarudi kukamilisha shahada yake. Makala haya yanakusudia kueleza asili ya desturi hiyo na uzito wa mshahara ndani yake.

Mzizi wa kwanza uko viwandani. Mwaka 1903, chuo cha ufundi cha Sunderland, mji wa waunda meli, kilianzisha masomo ya uhandisi yaliyopokezana zamu na kazi. Waingereza huyaita masomo ya namna hiyo "sandwichi", kwa kuwa kazi hukaa katikati ya masomo kama nyama kati ya vipande viwili vya mkate. Mwaka 1963 Kamati iliyoongozwa na mwanauchumi Lionel Robbins ilipendekeza vyuo vikubwa vya teknolojia vipandishwe hadhi. Mwaka 1966 Bath, Brunel, Surrey na Bradford vikawa vyuo vikuu. Vilihifadhi mapokeo ya sandwichi, na taratibu mapokeo hayo yakavuka mipaka ya uhandisi na kuingia katika sayansi za jamii.

Mzizi wa pili uko serikalini. Kabla ya Vita Kuu ya Pili, wanauchumi wa taaluma walikuwa wachache mno katika wizara. Vita viliilazimu dola kugawa chakula, vyuma na nguvukazi kwa hesabu. Hivyo mwaka 1941 kikaundwa Kitengo cha Uchumi katika ofisi za Baraza la Vita. Aliyekiongoza hadi mwaka 1945 ni Robbins yule yule. Mwaka 1953 kitengo hicho kilihamishiwa Hazina. Harold Wilson alipoingia madarakani mwaka 1964, ikaanzishwa Huduma ya Wanauchumi wa Serikali chini ya Alec Cairncross, na wanauchumi wakatapakaa katika wizara mbalimbali.

Mizizi hiyo miwili ndiyo iliyokutana katika staji ya mwaka mmoja. Mwanafunzi hukusanya takwimu, huhakiki hesabu na huandaa maelezo mafupi kwa wakubwa wake. Darasani takwimu humfikia zikiwa zimekwisha kupangwa. Wizarani huja zikiwa na mapengo, na uamuzi haungoji. Serikali nayo hupata nafasi ya kuwapima watumishi wake wa kesho.

Hata hivyo, faida hizo zingebaki kwa wachache kama kazi ingekuwa ya bure. Wizara nyingi zina makao yake London, mji ambao kodi ya nyumba ni ghali sana. Mwaka mzima huko bila malipo ungemfaa tu mtoto ambaye wazazi wake wana uwezo wa kumlisha.

Msomaji wa Kongo anaijua staji: mara nyingi ni majuma machache ofisini, bila malipo, hadi ripoti ipigwe muhuri. Kwa hiyo, historia hii inamhusu. Inaonyesha kwamba urefu wa muda humpa mwanafunzi kazi ya kweli, na mshahara humwezesha maskini kuifanya. Kimoja kikikosekana, hata staji iliyopangwa vizuri huchagua matajiri kabla ya kuchagua wenye akili.